Bambo la Ukutani: Ghala la Hamburg na Maghala Yetu

Maneno haya niliyasema alasiri ya Jumamosi iliyopita, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, mbele ya vijana wanaojifunza ufundi wa majengo ya kale na wazee wa mitaa ya Malindi na Mizingani. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Maneno ni haya.

Wazee wangu, mama zangu, wanangu, assalaam alaykum.

Nimeambiwa nizungumze nusu saa. Aliyenipa nusu saa hanijui. Mtu aliyekaa ghalani miaka 31 hana habari ya nusu saa. Sisi tulikuwa tukihesabu siku kwa meli: meli ikichelewa, na siku inachelewa. Lakini nitajitahidi, maana nasikia harufu ya pilau kule nyuma, na sitaki nilaumiwe.

Mimi si mwanahistoria. Si mhandisi. Ni karani wa ghala mstaafu. Nimepima mchele, nimepima karafuu na makonyo, nimegombana na mapanya na madereva. Nimeitwa hapa kwa sababu mwaka jana nilikwenda Hamburg, Ujerumani, nikaingia ghala moja la mwaka 1888 lililotengenezwa upya, na tangu nirudi sijanyamaza. Mke wangu amechoka kunisikiliza. Sasa zamu yenu.

Binti yangu ameolewa kule. Kanipelekea tiketi: baba, njoo uwaone wajukuu. Nikaenda kuwaona wajukuu. Siku mbili tulikuwa sote. Siku ya tatu wao skuli, mama yao kazini, mimi nimebaki na televisheni inayosema Kijerumani. Jioni nikamwambia binti yangu: mwanangu, mji huu si ni wa bandari? Bandari haikosi maghala. Nipeleke ghalani. Akacheka, akasema, "Baba, umestaafu." Nikamwambia, nimestaafu mshahara tu.

Basi akanipeleka Speicherstadt, maana yake ni Mji wa Maghala. Na kweli ni mji. Si ghala moja wala mawili. Ni safu kwa safu za majumba ya matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa, yana vijinara na mapaa ya shaba iliyogeuka kijani, na katikati ya safu unapita mfereji wa maji. Urefu wake yapata kilomita 1 na nusu. Kila jumba lina sura mbili: uso mmoja unatazama barabara, uso wa pili unatazama maji. Huku gari, huku mashua. Mzigo ukija kwa maji unapandishwa kwa maji, ukitoka kwa barabara unateremshwa kwa barabara.

Na maji yale, wanangu, yanajaa na kupwa. Hamburg haiko baharini, iko mtoni, mto Elbe, yapata kilomita 100 kutoka bahari ya wazi. Lakini kujaa na kupwa kwa bahari kunaufuata mto mpaka pale. Maji yakipwa, mfereji unabaki tope, mashua zimelala ubavu. Nilisimama darajani nikatazama tope lile nikasema, loo, hapa niko kwetu. Hamali wa Hamburg na hamali wa Malindi wote walikuwa wakingoja maji.

Sasa inueni macho mtazame juu ya jumba. Kwenye kilele cha paa, upande wa maji, kumetokeza kitu kama mdomo. Hapo ndipo lilipo kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Kamba inashuka kutoka kwenye kapi mpaka mashuani. Chini yake, kila ghorofa ina mlango mkubwa unaofunguka hewani. Ukitoka mlango ule bila kutazama, umekwenda. Gunia linafungwa chini, linavutwa, na mtu aliyesimama mlangoni ghorofa ya nne ananyoosha mkono, ana kulabu mkononi, analinasa gunia likiwa linayumba hewani, analivuta ndani. Siku nzima. Gunia baada ya gunia. Nani hapa amewahi kumwona baharia anavyopandisha foromali, ule mti wa tanga, kwa kapi? Basi kazi ni hiyo hiyo. Jahazi lililosimamishwa wima likajengewa matofali.

Nikaingia ndani. Ghala lile siku hizi ni makumbusho ya kazi ya maghala. Ngazi za mbao, zimelika katikati kama ngazi za msikiti wa zamani. Giza kidogo. Ubaridi wa ghala, ule ubaridi unaoutambua hata ukifumba macho, kwa sababu kuta nene hazitaki habari za jua wala baridi ya nje. Na harufu. Harufu ya kahawa mbichi, na nyuma ya kahawa gunia la katani, na nyuma ya katani mbao za kale. Niliposikia harufu ile, mkono wangu wenyewe ulikwenda kwenye gunia. Sikuuamuru. Binti yangu akanivuta shati: "Baba, hapa makumbusho."

Halafu nikaliona. Ukutani.

Nikaliona bambo.

Vijana, wangapi mnalijua bambo? Nyosheni mikono. Mmoja. Wawili. Yule mzee asihesabiwe. Bambo ni chuma chembamba chenye tundu, kimechongoka mbele, kama sindano kubwa iliyopasuliwa ubavu. Unalichoma ubavuni mwa gunia, punje zinateremka ndani ya mfereji wake zinaingia kiganjani mwako, na gunia hujalifungua. Kwa bambo unajua kilicho ndani. Mwenye mali anaweza kuweka mchele mzuri juu na chenga chini, lakini bambo halidanganyiki. Sisi tulikuwa na msemo ghalani: mdomo wa mwenye mali uko juu, mdomo wa bambo uko ubavuni.

Sasa bambo liko ukutani Hamburg, limeandikwa jina kwa Kijerumani, limewekewa taa yake. Nikasogea karibu. Kwenye mpini wake pana bonde dogo, upande mmoja tu. Bonde la dole gumba. Mtu mmoja, au watu kumi mmoja baada ya mwingine, waliweka dole gumba pale pale mpaka mti ukakubali. Nilitazama bonde lile kuliko nilivyotazama kanisa lolote la mji ule.

Kwa nini? Mtaniambia, bambo tu. Nitawaambia kwa nini, lakini si sasa.

Kwanza niwaulize swali. Ghala linajengwa wapi? Kiwanja kinatoka wapi? Mji wa Hamburg zamani ulikuwa unajitawala wenyewe mambo ya forodha. Ujerumani ilipoungana, wakaambiwa nanyi muingie kwenye forodha moja ya nchi nzima. Wafanyabiashara wakakubali kwa sharti: tupeni eneo moja lisilotozwa ushuru, tuweke humo kahawa, chai, viungo, tumbaku, mazulia, na ushuru tutalipa mzigo ukitoka kuingia nchini. Wakapewa. Lakini eneo lililochaguliwa halikuwa tupu. Palikuwa na mitaa, Kehrwieder na Wandrahm. Watu wamekaa vizazi. Takriban watu 20,000 waliondolewa. Nyumba zikaanza kuvunjwa mwaka 1883. Mfalme wao, Kaiser Wilhelm II, akaja kufungua mwezi wa Oktoba 1888.

Mwaka 1883! Mnakumbuka kitu gani cha mwaka 1883 hapa kwetu? Ndiyo. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Mwaka ule ule Sultani wetu Seyyid Barghash anasimamisha jumba lake la nguzo pale mbele ya bahari, kule Hamburg wanavunja nyumba za watu 20,000 waweke magunia. Mimi sikusoma hili mahali. Nilisimama tu darajani nikapiga hesabu ya miaka, nikashtuka peke yangu.

Mtalii anakuja pale leo, anapiga picha matofali mekundu jua likitua, na ni mazuri kweli, nami nilipiga. Lakini wale 20,000 hawamo kwenye picha. Tofali halisemi limekaa juu ya kitanda cha nani. Ndiyo maana nasema, kila mkionyeshwa jumba zuri lililotengenezwa upya, ulizeni: na mikono iko wapi? Mikono iliyojenga, mikono iliyobeba, mikono iliyofukuzwa. Iko wapi?

Na pale pale, kwenye daraja linaloingilia maghala, amesimama mtu wa jiwe. Nikamuuliza binti yangu, huyu nani? Akasoma: Vasco da Gama. Nikasema, lahaula. Mombasa hawakumwelewa mwaka 1498, akaenda Malindi, ile ya Kenya, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, na hapa tena nimemkuta kasimama mlangoni kwa ghala! Rubani aliyemvusha hana sanamu pale. Mwenye usukani hakuchongwa. Na mikono iko wapi?

Sasa nije kwenye lile linalotuhusu zaidi, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu wengi wenu mnadhani Hamburg na Unguja zimejuana juzi, baada ya ndege za watalii. Siyo. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua duka lake hapa Unguja mwaka 1849. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikaweka mkataba wa biashara na Sultani wa hapa, Seyyid Majid, kabla hata haijakuwapo nchi moja inayoitwa Ujerumani. Wenzetu wa Dar es Salaam wamefanya udugu wa miji na Hamburg mwaka 2010, na sisi tunawaambia karibuni, tumewatangulia kidogo.

Na walikuja kufuata nini? Mtasema karafuu. Mtasema pembe. Ni kweli, pembe za ndovu zilikwenda. Lakini biashara iliyowatajirisha mwanzo ilikuwa ya kitu ambacho watoto wetu wanakiokota ufukweni: kauri. Zile simbi za kuchezea bao! Wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba Afrika ya Magharibi, huko Lagos na Ouidah, kauri ni fedha. Watu wananunulia, wanalipia mahari. Kauri zao zilitoka Maldives tangu zamani. Hawa wakaja pwani yetu, ambako kauri ni bure kama mchanga, wakapakia meli nzima, wakaenda nazo magharibi wakanunulia mafuta ya mawese, na mawese yakaenda Ulaya kutengenezwa sabuni na mishumaa. Kwa hiyo mtu anaokota kauri hapa, anapewa senti. Yule kule anakamua mawese, anapewa kauri. Na aliyekaa katikati anajenga jumba Hamburg. Wakapakia, wakapakia, mpaka kauri zikajaa kule magharibi zikakosa thamani. Mtu aliyekuwa na akiba ya magunia ya kauri akaamka siku moja ana magunia ya simbi. Fikirini, wazee. Benki yako imegeuka ufukwe.

Mimi nilipokuwa mdogo mama yangu alinituma niokote kauri za kupamba kikapu. Nisingejua kama naokota hela za watu.

Na wakati kauri zinakwenda, huko bara pembe zilikuwa zinatoka Ujiji na Tabora mabegani mwa wapagazi mpaka Bagamoyo, zinavushwa, zinapimwa hapa kwa frasila, zinapanda meli. Na karafuu zetu zenyewe, kabla ya kufika gunia, kwa miaka mingi zilichumwa na mikono ya watumwa. Soko la watumwa hapa lilifungwa mwaka 1873, lakini mashambani utumwa haukufungwa siku ile. Siwezi kusimama hapa nikasifia ghala la watu nikasahau ghala letu lilijazwa na nani. Swali ni lile lile, na halichagui Mzungu wala Mwarabu wala Mswahili: mikono iko wapi?

Kuna mmoja wetu alikwenda Hamburg si kama mzigo wala si kama karani. Mnamjua. Seyyida Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Alipendana na kijana wa Kijerumani, mfanyabiashara, nyumba zao zikitazamana juu ya paa hapa hapa Mji Mkongwe. Akaondoka mwaka 1866, wakaoana Aden, wakaenda Hamburg. Mumewe akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu. Akabaki mjane na watoto katika mji wa mvua. Amezikwa Ohlsdorf, makaburi makubwa ya mji ule, na inasimuliwa kuwa alizikwa na kifuko cha mchanga wa Unguja. Nilikwenda kaburini. Nilisoma fatiha ingawa alikuwa amebadili dini. Hilo ni baina yangu na Mola wangu. Mwaka 2019 wakampa uwanja mmoja wa mji jina lake, muda si mrefu wakaamua kuliondoa, kwa sababu aliandika maneno ya kuutetea utumwa. Binti yangu ananiuliza, baba unaonaje? Nikamwambia, mwanangu, mimi karani. Kwenye daftari naandika kilichoingia na kilichotoka. Sifuti mstari.

Turudi ghalani. Vijana wa ufundi naona mmeanza kutazama saa, nanyi ndio hasa nimekuja kwa ajili yenu.

Ghala lile lilinusurika vipi? Kwanza, halikunusurika. Vita vya pili vya dunia, mabomu ya mwaka 1943, yapata nusu ya mji ule wa maghala ikaanguka. Wakakusanya, wakajenga upya pole pole, msanifu akiitwa Werner Kallmorgen, mpaka mwaka 1967. Mahali palipowezekana wakarudisha kama palivyokuwa. Mahali palipokufa kabisa wakajenga kwa sura ya wakati wao, hawakujifanya. Hiyo nimeipenda. Kiraka kinaonekana kiraka.

Kisha wakamaliza, na mwaka uliofuata, 1968, ikaingia Hamburg meli ya kwanza ya makontena. Hebu oneni bahati. Umetengeneza ghala miaka ishirini na zaidi, umelimaliza, na kesho yake anakuja mgeni mwenye sanduku la chuma asiyehitaji ghala lako. Kontena halitaki kapi. Kontena halitaki bambo. Kontena linafungwa kwenye kiwanda cha nchi moja na kufunguliwa dukani kwa nchi nyingine. Mimi mwenyewe niliyaona hayo hapa bandarini, mahamali wamekaa kwenye kivuli wanatazama winchi inafanya kazi ya watu arobaini kwa dakika tano. Mmoja akasema, "Karani, na wewe zamu yako inakuja." Kweli ilikuja.

Basi kwa nini majumba yale hayakuachwa yaanguke? Kwa sababu yalipewa kazi. Mazulia ya Uajemi yalibaki humo miaka mingi, maana zulia halipendi kontena, linapenda ubaridi na kuta nene. Mwaka 2003 eneo likatolewa kwenye ile bandari huru. Wakaingia watu wa ofisi, wakaingia wachoma kahawa, wakaingia makumbusho ya viungo, na kuna watu wameweka treni ndogo za kuchezea ghorofa nzima, watoto na wazee wanapanga foleni mpaka nje. Wajukuu wangu hawakutaka kutoka humo. Mwaka 2015 UNESCO ikaliandika eneo lile kwenye urithi wa dunia. Lakini msidhani UNESCO ndiyo iliyoliokoa. Lilikuwa limeshakaa na kazi. Jengo lenye mtu ndani, bomba likivuja usiku atasikia. Jengo tupu huvuja miaka mitatu ndipo tunaandika kibao cha hatari.

Hapa kwetu tunayo mifano yetu. Forodha ya zamani pale Mizingani, kwa miaka mingi ghorofani wamefundisha muziki. Ulikuwa ukipita chini unasikia kanuni na fidla kutoka madirisha yale yale ambayo karani wa forodha alikuwa akichungulia majahazi. Jengo lile limepata sauti. Na tunao mfano mwingine ambao sitaki kuutaja ila lazima niutaje: tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, ubavu mzima ulianguka ukiwa kwenye matengenezo, na watu wawili, mafundi, wakafa. Mafundi. Mikono. Leo kila mtu anauliza jumba litarudi lini. Sawa, ulizeni. Lakini msimalize kuuliza bila ya kuwakumbuka wale wawili.

Sasa niungame. Si vizuri kusimama mbele ya watu unasema za wenzako.

Marehemu baba yangu aliniachia chini ya nyumba yetu chumba cha ghala. Chumba kirefu, chembamba, upana wake ni urefu wa boriti, kama vyumba vyote vya mji huu, maana mkoko ndio uliokuwa fundi mkuu: boriti ikiisha, chumba kimeisha. Kuta za mawe ya matumbawe na udongo na chokaa. Nilitaka nikipangishe duka. Nikaita fundi, nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, fundi akinipinga: kwangua hiyo chokaa, piga saruji, nataka kuta zing'are. Fundi akanambia, mzee, saruji haipumui. Nikamwambia, wewe unalipwa kupaka au kupumua? Akapaka. Zikang'ara, zikang'ara miezi mitano. Masika yakaingia. Unyevu unapanda kutoka ardhini kama unavyopanda siku zote, zamani ulikuwa unatokea kwenye chokaa unakwenda zake. Sasa hauna pa kutokea. Ukuta ukaanza kutoka jasho. Vuli ya pili bamba la saruji ukubwa wa mlango likabanduka usiku, tukadhani mwizi. Nyuma yake mawe yamelowa kama sifongo, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, ukivibonyeza kwa kidole vinaingia. Boriti zilizokaa miaka mia na zaidi, nimeziozesha mimi kwa misimu miwili.

Hilo la kwanza. La pili ni baya zaidi.

Nilipokuwa nasafisha chumba kile nilikuta vyombo vya kazi vya baba. Mizani ya mkono yenye mawe yake ya chuma, kulabu tatu, kapi moja la mti, mihuri ya kupigia magunia. Nikaita muuza vyuma chakavu wa mtaani, akaja na rukwama. Akanipa pesa za kununulia mchele kilo chache. Wallahi mchele ule ulikwisha wiki ile.

Na miaka mingi baadaye nimesafiri kwa ndege, nimepanda ngazi za watu, nimesimama mbele ya ukuta wa Hamburg, natazama bonde la dole gumba kwenye mpini, na machozi yananitoka, na binti yangu anadhani ni vumbi. Mzungu ameweka bambo la babu yake chini ya taa. Mimi nimemuuzia mwenye rukwama mizani ya baba yangu. Sasa mmejua kwa nini.

Kwa hiyo enyi mafundi vijana, mtaitwa kutengeneza maghala. Mengi yatafanywa hoteli, sina ugomvi na hoteli, mwanangu mmoja anafanya kazi hotelini. Mtaambiwa safisha. Kabla hujasafisha, tazama. Ule mkwaruzo kwenye nguzo ya mlango kwa kimo cha kiuno ni kulabu za mahamali waliokuwa wakigeuza magunia. Zile alama za mkaa ukutani, mistari minne na mmoja umekatiza, si uchafu, ni hesabu; mtu hakuwa na karatasi. Ile pete ya chuma kwenye boriti ilining'iniza mizani. Ukiiondoa pete, umeondoa ghala, umebaki na chumba. Mwenye nyumba akibisha, mwambie yuko mzee Malindi aliyebisha, akamwone ukuta wake.

Na nyinyi wazee wenzangu, fungueni makasha. Kilichobaki kiandikeni jina: kinaitwaje, kilifanya nini, nani alikishika. Jina ndilo linalopotea mwanzo. Leo hapa walionyosha mkono kwa bambo walikuwa wawili.

Bado jambo moja, halafu nakaa. Nilisema niliuza vyombo vyote. Si kweli. Niliporudi kutoka Hamburg namsimulia mke wangu habari ya bambo, siku ya tatu ya kunisikiliza akaniuliza, "Hilo bambo likoje?" Nikamwelezea. Akaondoka bila neno, akaenda jikoni, akarudi nalo. Miaka yote ile alikuwa akilitumia kukazia dirisha la jikoni lisigonge upepo wa kusi. Alilitoa mwenyewe kwenye rukwama siku ile bila ya kuniambia, kwa sababu dirisha lilikuwa halifungi.

Ndilo hili. Mpini wake umeungua kidogo kwa moto wa jiko, lakini bonde lipo. Mimi ni mkono wa kushoto, baba alikuwa wa kulia, kwa hiyo dole gumba langu haliingii vizuri. Jaribuni nyinyi.

Pale mlangoni kuna gunia la mchele. Ni la wiki ijayo, si la leo, na aliyelinunua ameniruhusu kwa sharti msimmwagie. Pangeni mstari, kinamama na wazee watangulie. Tundu litazame chini ukichoma, uzi wa mshono usiuguse, ukishaingia nusu geuza tundu juu, inamisha mpini, kinga kiganja. Ukipata chenga tupu, sema kwa sauti. Karafuu msijaribu kwa bambo. Karafuu ni msumari, haiteremki, hiyo unazamisha mkono mpaka kiwikoni, na ukisikia joto ndani ujue haikukauka, imeanza kuvunda. Hilo nitawaonyesha siku nyingine, msimu ukifika.

Haya, nani wa kwanza?